Shajara ya mradi: miombo inapochipua, kutoka mchoro wa sm 15 × 21 hadi kanvasi ya sm 75 × 105

Siku ya 1

Mchoro wa kuanzia ni wa akriliki kwenye karatasi nzito, sm 15 kwa 21. Ulichorwa papo hapo mwishoni mwa Septemba, ukingoni mwa mbuga upande wa barabara ya Tabora kwenda Sikonge, uso ukielekea kaskazini, saa 11 jioni. Mbele kuna nyasi kavu na kipande kilichoungua. Kushoto kidogo ya katikati umesimama mti mkubwa wa mtundu, mmoja wa miti ya miombo, uliotoa majani mapya, na mzinga wa nyuki wa gome umening'inia kwenye tawi lake. Kulia kuna mninga. Nyuma ni mstari wa miombo unaopotelea kwenye moshi na vumbi.

Masomo mengi ya kuchora mandhari yenye majani mekundu yanatoka Ulaya na Marekani, kwenye majira ambayo vitabu vyetu vya shule huyaita vuli. Jina hilo linachanganya, kwa sababu vuli kwa watu wa pwani ni mvua fupi, na Tabora haina vuli wala masika ya kutenganisha: ni mvua moja tu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Zaidi ya jina, wekundu wenyewe ni wa aina nyingine. Kule jani jekundu ni jani linalokufa. Ukijani unaondoka, manjano iliyokuwa imefichwa inajitokeza, kisha jani linaanguka. Hapa jani jekundu ni jani changa, limetoka wiki chache kabla ya mvua, na ukijani wake bado haujajaa.

Kwa mchoraji hilo linabadilisha kila kitu. Kule wekundu uko juu na chini pia, ardhi imetandikwa majani ya rangi. Hapa chini hakuna jekundu hata moja: kuna nyasi za rangi ya khaki, majivu, na majani makavu ya mwaka uliopita yenye rangi ya ugoro. Wekundu wote uko kwenye ncha za matawi, na ni laini. Anayefuata somo la Ulaya neno kwa neno atamwaga nyekundu chini ya mtundu na kupata msitu ambao haupo Tabora.

Uwiano: 15 kwa 21 ni 5 kwa 7. Kanvasi ya sm 75 × 105 ni mara tano kamili kwa kila upande. Kwa eneo, ni mara 25. Namba hii ya 25 ndiyo inayotesa watu kwenye rangi, nitairudia.

Siku ya 2

Fremu: mbao ya paini ya 2×2, iliyokauka vizuri, vipande viwili vya sm 105 na viwili vya sm 75, pembe zimekatwa nyuzi 45, gundi ya mbao na misumari miwili kila pembe. Ubao mmoja wa kati unashika pande ndefu zisipinde kwa ndani. Ukingo wa mbele wa kila ubao unarandwa mteremko kuelekea ndani, kama milimita 4, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake. Ukiruka hatua hiyo, baada ya wiki mbili za kupaka utaona mstari wa fremu umejichora kwenye anga, na hauondoki.

Kipimo cha kuhakikisha pembe ni mraba: futi kutoka pembe hadi pembe. Kwa 75 × 105 ulalo ni sm 129.0. Ulalo wa kwanza ulisoma 129.4 na wa pili 128.6. Tofauti ya milimita nane inaonekana ndogo, lakini gridi ikichorwa juu ya fremu iliyopinda, miraba ya pembeni haitakuwa miraba. Nimesukuma pembe kabla gundi haijashika, zote zikasoma 129.0.

Kitambaa: pamba nzito isiyopaushwa, ile ya kushonea maturubai. Amerikani ya kawaida ni nyepesi mno kwa ukubwa huu. Inafaa picha isiyozidi sm 40, juu ya hapo inalegea na brashi inaigongesha kwenye ubao wa kati. Kabla ya kuwamba, kitambaa kimefuliwa kwa maji ya moto mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai nyepesi na wanga wa kiwandani. Ile chai ina maana kubwa: akriliki nene inayong'aa ikipakwa juu ya pamba isiyofuliwa huvuta uchafu huo kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye utando, na anga nyeupe inageuka manjano ndani ya siku chache. Kufua pia kunamaliza kurudi: kipande cha urefu wa sm 135 kilirudi hadi 127. Bado kinatosha, kwa sababu mahitaji ni 119 ukihesabu sm 7 za kukunja kila upande.

Kuwamba: stepla moja katikati ya kila upande, kisha kwenda pembeni kwa zamu, pande zinazotazamana. Kitambaa kikigongwa kwa kidole kitoe sauti ya ngoma ndogo.

Siku ya 3 na 4

Geso, rangi nyeupe ya kutayarisha kitambaa kabla ya kuchora: safu tatu, kila safu kama ml 130. Safu ya kwanza imeongezwa maji kidogo ili izame, ikapakwa kwa kusugua kwa brashi ngumu ya sm 7. Ya pili imepita wima, ya tatu mlalo. Kati ya safu, msasa laini namba 220 na kitambaa chenye unyevu kufuta vumbi.

Kosa la siku: safu ya pili ilipakwa saa 8 mchana chini ya bati. Geso ilikauka juu ikiwa bado mbichi chini, ikaacha nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga kwenye pembe ya juu kulia. Imesuguliwa kwa msasa na kupakwa upya asubuhi. Kuanzia hapo ratiba ni saa 1 hadi saa 4 asubuhi, na saa 10 hadi saa 12 jioni. Septemba na Oktoba ya Tabora ni joto kavu. Rangi ambayo kopo linasema itakauka kwa dakika 20 hapa inakauka kwa tano.

Rangi ya msingi. Desturi ya wengi ni kupaka kanvasi nzima wekundu wa udongo kwanza, na kwa picha ya kijani ni sawa, kwa sababu nyekundu inayochungulia kati ya kijani inaichangamsha. Hapa picha yenyewe ni nyekundu. Msingi mwekundu ungemeza majani. Nimepaka kijivu chenye ukijani: samawati (namba PB29) na manjano ya udongo (PY42) pamoja na nyeupe, ngazi ya kati, si nyeusi wala si nyeupe. Kila tone la shaba litakaloangukia hapo litaonekana mara moja.

Siku ya 5. Gridi

Mchoro mdogo umefunikwa nailoni ngumu inayoona, na gridi imechorwa juu ya nailoni kwa kalamu ya wino: miraba ya sm 3, saba kwa tano, jumla 35. Kwenye kanvasi miraba ni ya sm 15. Safu zinazosimama ni A hadi G kutoka kushoto, zinazolala ni 1 hadi 5 kutoka juu. Mistari ya kanvasi imepigwa kwa uzi wenye chaki, kama fundi anavyopiga uzi ukutani, maana chaki inafutika kwa kitambaa chenye maji. Penseli ya kawaida inaonekana chini ya rangi nyepesi hata baada ya mipako mitatu, hasa kwenye anga.

Gridi inahamisha mchoro kwa uaminifu, na makosa yake yote inayahamisha vilevile. Kwenye karatasi ndogo jicho linasamehe. Kwenye mita moja halisamehe. Kabla ya kushika mkaa wa kuchorea, mchoro umekaguliwa kwa hesabu, na makosa matatu yamejitokeza.

Kipimo cha kila kitu ni mstari wa upeo. Mchoro ulichorwa kwa kusimama, jicho likiwa kama mita 1.6 kutoka chini. Kwenye ardhi tambarare kama ya Tabora, mstari wa upeo unakata kila kitu kwenye kimo hicho hicho cha mita 1.6, kiwe karibu au mbali. Kwenye kanvasi, shina la mtundu linakatwa na upeo sm 4.8 juu ya mguu wake. Kwa hiyo pale mtundu uliposimama, sm 3 ni mita moja. Mti una sm 45 kutoka mguu hadi kilele: mita 15. Hapo ni sawa kabisa, mtundu mkubwa hufika kimo hicho.

Mzinga sasa. Kwenye mchoro una urefu wa sm 1.4, yaani sm 7 kwenye kanvasi, yaani mita 2.3. Hakuna mzinga wa gome wa hivyo. Wa kawaida ni mita moja na kitu, na mtu mmoja anaupandisha mtini kwa kamba. Umepunguzwa hadi sm 3.6 kwa urefu na sm 0.9 kwa unene. Huo ndio ukubwa wake, ingawa inauma kupunguza kitu ambacho jicho linakitafuta kwanza.

Nyasi. Mchoro una mistari ya nyasi yenye urefu mmoja kila mahali, na ndiyo sababu ardhi yake inaonekana kama mkeka uliosimamishwa. Nyasi za mbuga mwezi huo zimebaki na kimo cha kama sm 70. Ukigawa 0.7 kwa 1.6 unapata karibu 0.44. Maana yake, popote kwenye picha, unyasi una urefu usiofika nusu ya umbali kutoka mguu wake hadi mstari wa upeo. Ukingo wa chini wa kanvasi uko sm 20 chini ya upeo, nyasi za hapo ni sm 9. Miguuni pa mtundu ni sm 2. Karibu na upeo hakuna tena unyasi wa kuchora, ni rangi tu.

Kosa la tatu ni kivuli. Kilichorwa mwisho, jua likiwa limeshazama, na mkono ukafuata mazoea: duara la giza chini ya mti. Hicho ni kivuli cha mchana. Mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu utosini kwetu, na kivuli kinakaa kweli chini ya mti. Saa 11 jioni kivuli ni kama mara mbili ya kimo cha kitu. Matawi ya mtundu huu yanaanza mita 6 juu. Kivuli cha majani kinaanza mita 12 kulia kwa shina, sm 36 kwenye kanvasi. Shina liko sm 38 kutoka kushoto. Kwa hiyo giza la majani linaanzia sm 74, mraba E, linapita miguuni pa mninga na kutoka nje ya picha. Chini ya mtundu wenyewe kuna jua tupu, na mstari mmoja wa kivuli cha shina.

Badiliko hilo limeipa picha uhai ambao mchoro haukuwa nao. Upande wa kulia, uliokuwa mtupu, sasa una sababu ya kuwepo.

Siku ya 6

Rangi ni saba tu. Majina ya tyubu yanatofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo nanunua kwa namba ya unga wa rangi uliomo ndani: nyeupe PW6, manjano kali PY74, manjano ya udongo PY42, nyekundu ya udongo PR101, magenta PR122, samawati PB29, kahawia iliyoiva PBr7. Nyeusi haipo. PB29 na PBr7 kwa usawa hutoa giza lililo zuri kuliko nyeusi ya tyubu, na unaweza kulisukuma kwenye baridi au joto. Kijani cha tyubu nacho hakipo: PY74 na PB29 hutoa kijani kilichopoa, ndicho cha miombo.

Paleti: sinia ya aluminiamu, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa kidogo, juu yake karatasi ya kuokea keki. Ukifunika kwa sinia nyingine, rangi inabaki mbichi hadi kesho yake. Bila hivyo, kwa hewa hii, nusu ya rangi unaitupa.

Kadi ya majaribio imekatwa kutoka kwenye kitambaa kilichobaki, chenye geso ileile na msingi uleule. Akriliki mbichi ina maziwamaziwa ya gundi yake. Ikikauka maziwa yanapotea na rangi inashuka giza. Nyeupe-nyeupe haishuki sana, damu ya mzee inashuka sana. Kila mchanganyiko unapakwa kwenye kadi, unasubiri dakika tano, ndipo unahukumiwa.

Siku ya 7. Anga

Kwenye mchoro anga ilikula nusu kijiko cha chai cha rangi. Mara 25, ni vijiko 12 na nusu, zaidi ya ml 60 kwa mpako mmoja. Nimechanganya ml 100 kwa kila kopo, makopo matatu yenye vifuniko, kwa mipako miwili na masahihisho. Anayechanganya kidogo kidogo hawezi kurudia rangi ileile, na viraka vitaonekana.

Kopo la juu: PW6 nyingi, PB29, na chembe ya PR101 kuipooza. Kopo la kati: nusu ya lile la juu na nusu ya lile la chini. Kopo la chini: PW6, PY42, na PR122 kiasi cha kugusa tu. Mwezi wa Septemba upeo wa Tabora si wa samawati. Moshi wa mioto ya nyasi na vumbi vinaufanya uwe kama maziwa yaliyotiwa chai. Samawati safi ya mbali inarudi mvua ikishaosha hewa.

Kuunganisha anga ya zaidi ya mita kwa hewa kavu ni kazi ya mwendo. Kanvasi imepuliziwa maji kwa chupa ya kunyunyizia nguo, ukungu tu, yasitiririke. Brashi ya sm 8, mapigo ya kukatiza kama herufi X, kutoka juu kushuka, bila kurudi nyuma. Mpako wa kwanza umeacha michirizi miwili kwenye C2 na D2, pale brashi iliporudi kwenye rangi iliyoanza kushika na kuimenya. Ukiona hivyo acha. Kila pigo la kurekebisha linazidi kumenya. Nimesubiri saa moja, mpako wa pili umefunika.

Siku ya 8 na 9

Miombo ya mbali. Vina vitatu vya umbali, kila kimoja kikipewa rangi zaidi ya kopo la chini la anga: cha karibu kiasi kidogo, cha kati theluthi, cha mwisho zaidi ya nusu. Hakuna jani. Miti ya mbali ina vichwa bapa, kama miavuli iliyobanana, na kingo zimelainishwa kwa kidole kikiwa na unyevu. Wekundu wa huko ni wa zambarau iliyopauka, si wa shaba.

Kichuguu kimoja kwenye B4, upande wa jua PY42 na PR101 na nyeupe, upande wa kivuli zambarau ya kijivu. Kazi ya dakika 20.

Siku ya 10 hadi 14. Mtundu

Hapa ndipo watu wanapotumbukia kwenye majani. Kwenye mchoro kichwa cha mtundu ni mapigo kama 40 ya brashi ya milimita 3. Ukiyakuza mara tano unapata mapigo 40 ya sentimita moja na nusu, na mti unakuwa kama uliobandikwa viraka. Ukijaza elfu za majani madogo kila mahali, unapata zulia. Mchoro mdogo unakuambia mwanga uko wapi na vishada vikubwa vimekaaje. Majani hauyajui. Hayo yanatazamwa upya kwenye mti.

Kwa hiyo kitawi kimoja cha mtundu kimewekwa kwenye chupa ya maji kando ya kanvasi. Kila jani lina jozi chache za vijani, nne kwa kawaida, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Likiwa changa halisimami: limelegea, vijani vyote vinaning'inia kuelekea chini kama kitambaa kilicholowa. Rangi ni damu ya mzee kwenye yaliyotoka jana, shaba kwenye ya siku kadhaa, na waridi iliyochanganyika na kijani kwenye yanayoanza kukomaa. Matawi ya mti mmoja yana hatua zote tatu kwa pamoja. Kulegea huko ndiko kunakoamua pigo la brashi: kila pigo linaanza juu na kuvutwa chini, linaisha kwa kuinuliwa. Mapigo ya pembeni au ya kwenda juu yanakupa mti mwingine.

Siku ya 10: matawi kwanza, kwa brashi ndefu nyembamba, rangi yenye uzito wa maziwa. Ikiwa nzito brashi inakatika njiani, ikiwa nyepesi mno inachuruzika. Kila tawi linapogawanyika linapungua unene.

Siku ya 11: kina cha giza, PBr7, PB29 na PR122, kwa vishada vikubwa vyenye kingo zilizochanika. Matundu ya anga yameachwa.

Siku ya 12: kina cha kati, PR101 na PR122, nyeupe kidogo. Hiki kinachukua zaidi ya nusu ya kichwa. Jioni mti wote ulikuwa umeharibika. Sehemu za mwanga zilikuwa zimepata rangi ya waridi ya maziwa, kama dawa ya watoto ya kikohozi. Sababu ni nyeupe. PW6 haifanyi nyekundu ing'ae, inaipausha na kuitia ubaridi. Nyekundu inainuliwa kwa manjano. Siku ya 13 sehemu zote za mwanga zimerudiwa kwa PR101, PY42 na PW6 ya ncha ya kisu, na shaba imerudi.

Picha ya simu imegeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, ya kanvasi na ya mchoro, zikawekwa pamoja. Kwa macho wekundu unadanganya, unaonekana wenye mwanga kuliko ulivyo. Kwenye picha isiyo na rangi, upande wa kulia wa kichwa ulikuwa mweupe sawa na wa kushoto, wakati jua linatoka kushoto. Upande wa kulia umepitishiwa utando: sehemu moja ya PB29 na PR122 kwa sehemu kumi za kiowevu cha akriliki, yaani gundi ya akriliki isiyotiwa rangi. Kiowevu, si maji. Rangi iliyozidishiwa maji inashika kwa udhaifu, na kitambaa chenye unyevu kinaweza kuibeba.

Siku ya 14: majani yanayopitisha jua. PY74 na PR122, bila nyeupe kabisa, utando mwembamba juu ya madoa ya manjano iliyopauka yaliyokwisha kukauka. Haya yamewekwa kwenye miraba C2 na C3 peke yake, kuzunguka tawi la mzinga, na hapo ndipo penye majani yanayohesabika, kama mia mbili hivi. Kwingine ni vishada. Matundu ya anga yaliyozibika yamefunguliwa upya kwa rangi ya kopo la kati iliyotiwa giza kidogo: tundu dogo likipewa rangi ileile ya anga kubwa huonekana kama taa.

Siku ya 15

Mninga. Gome lake ni jeusi kuelekea kahawia, limepasuka vipande kama matofali madogo. Limechorwa kwa brashi bapa, rangi nzito kavu ikiburuzwa juu ya giza. Majani bado. Matunda ya mwaka uliopita yananing'inia, ya duara, katikati pana manyoya magumu na pembeni pana utando mkavu kama karatasi. Jua linapita kwenye utando na kugonga katikati. Kila tunda ni mapigo mawili: duara la PY42 lililopauka, doa la PBr7 katikati. Yako 23, na hayakupangwa kwa umbali sawa.

Siku ya 16 na 17. Nyasi na kiunguzo

Brashi iliyochakaa ya nywele ngumu, ile iliyopanuka isiyofaa kingine, inafaa hapa kuliko mpya. Rangi kavu, PY42 na PW6 na tone la zambarau kuipooza, pigo kutoka chini kwenda juu, kwa vipimo vya siku ya 5: sm 9 ukingoni, sm 2 kwenye mguu wa mtundu. Giza la katikati ya nyasi limepakwa kwanza. Nyasi zinazoanza na mwanga hazina mahali pa kusimama.

Kiunguzo, kile kipande kilichoungua, si cheusi. Ni kijivu cha majivu juu ya PB29 na PBr7, na ndani yake vishina vilivyoungua nusu. Machipukizi mapya yameshatoka katikati ya majivu, PY74 na PB29 kidogo sana. Hicho ndicho kijani pekee kikali kwenye picha nzima. Mapigo yasizidi 30, kwani yakizidi wekundu wa mtundu unapoa.

Kivuli kwenye E, F na G kimepitishwa kwa utando wa zambarau juu ya nyasi zilizokwisha kukauka, mara tatu, mwembamba. Nyasi zinaonekana ndani ya kivuli.

Siku ya 18

Mzinga, sm 3.6, mwisho wa yote. Gome limefungwa kwa kamba ya magome mara tatu, upande wa kushoto una mstari wa jua wa milimita moja, na kwenye kifuniko cha mbele kuna tundu la nyuki. Kwa udogo huo unaonekana kuliko ulivyoonekana kwa ukubwa wa uongo, kwa sababu ndicho kitu pekee kilicholala mlalo kati ya majani yote yanayoning'inia.

Siku ya 20

Chaki iliyobaki imefutwa. Nyuma ya kanvasi zimeandikwa namba za rangi zote saba na tarehe.

Vanishi bado. Rangi nene za mbele zinahitaji wiki kadhaa kukauka hadi ndani. Kabla yake utapakwa mpako mmoja wa kiowevu kinachong'aa, sehemu mbili kwa moja ya maji, ili siku vanishi itakapotolewa kwa kusafishwa isibebe rangi.

Wakati huu wa kungoja adui ni joto na vumbi. Akriliki kwenye chumba cha bati inalainika na vumbi linazama ndani yake, halifutiki tena. Kanvasi imesimamishwa ikitazama ukuta, imeinama mbele kidogo, shuka nyepesi juu yake bila kugusa uso. Isiegemezwe uso kwa uso na picha nyingine, zitagandana. Itakaposafirishwa kwa treni kwenda Kigoma, karatasi ya kuokea inatangulia usoni, kisha katoni, ndipo nailoni nje. Nailoni ikilala moja kwa moja kwenye rangi kwa safari ya joto inaacha alama ya kila mkunjo wake.

Kazi iliyobaki: pembe ya juu kulia, pale geso ilipopasuka, mwanga wa pembeni bado unaonyesha mpasuko mmoja wa sm 4. Utajazwa kwa geso kwa brashi namba 0, msasa, kisha rangi ya kopo la juu. Zimebaki kama ml 20 kwenye kopo, zinatosha.